Prof Mwenye Alikatalaka Kuhesabu Batoto

Bongo! Uongo mutupu! Ile bongo yako ikamate, uende nayo kwako. Prof alikuwa mulevi siku ile ya kosa yake? Nani alikuambia? Weye ulikuwa wapi? Minyi nilikuwa pale, kiti yangu karibu na kiti yake, akikohola nasikia pa mukono yangu. Nitakusemea venye ilikuwa, na kama haupende kusikia, mulango iko wazi.

Pombe Prof hakukunywaka. Alikuwa muntu ya kanisa, mwimbaji ya chorale, sauti ya chini, na alikuwa anaimba mubaya mupaka mukubwa ya chorale alikuwa anamusimamisha pa mwisho kabisa, karibu na dirisha, ile sauti itoke inje. Kintu alipendaka ni munkoyo, ile kinywaji ya mahindi, tamu. Ila, na hii minasema juu sitaki kesho unikamate na bongo, alikuwa anaiacha siku mingi mu bidon mupaka inachacha, inaanza kupiga kelele yenyewe. Halafu anakunywa, na anaapa kama ingali tamu. "Hii ni ya batoto," anasema, na macho imeshakuwa nyekundu. Basi. Hiyo njo dhambi yake yote yenye minayua. Lakini asubui mbele ya ordinateur, ile kompyuta, hapana. Pale alikuwa anaikala sawa vile muntu anaikala mbele ya mukwe.

Alikuwa anafundisha hesabu ku masomo, ile shule ya mission. Kila muntu pa Kamina alimuitaka Prof, hata bibi yake, hata batoto yake ya kuzaa. Alizaliwa wapi, baba yake nani, hiyo sikuulizaka na haikuangalie. Minyi nitakusemea paka muntu, muntu tu.

Wakati vita ilianza kutoka kule ku mashariki, bantu balifika Kamina kila siku. Bengine juu ya wagon ya treni, bengine na kinga, ile baisikeli, bengine na miguu, sufuria pa kichwa, mutoto pa mugongo. Na mu ile kukimbia batoto mingi balipoteya. Mama anafika huku, mutoto anabakia kule mu mikono ya bantu benye hata hawamuyue. Mission ilitoa chumba moya. Pa paa baliweka panneau ya jua. Mu pembe baliweka phonie, ile radio ya kusemezana na bamission ya mbali. Na pa meza ordinateurs tatu. Moya tuliita serveur, njo yenye ilikuwa inachunga habari ya kila mutoto. Zile mbili, moya ya Prof na moya yangu, zilikuwa paka za kulomba habari na kuirudisha. Radio inasema, "Tuko na mutoto fulani, anaitwa hivi, alipoteya hapa," sisi tunaandika. Mama anaingia, anasema jina ya mutoto yake, sisi tunalomba serveur. Ni ile tu. Lakini niliona baba muzima akilala chini akilia juu ya ile tu.

Page yote ya kuandikia batoto Prof aliitunga yeye mwenyewe, na JavaScript. Alijifunza mu CD moya yenye mugeni alisahau pa nyumba ya mission. Minyi nilijifunza kwa kuangalia juu ya bega yake. Masomo yetu ya bakubwa yalifungwa juu ya vita, baba yangu alikuwa cheminot, muntu ya njia ya treni, na minyi nilikuwa musichana mwenye kinywa tu. Prof alinikamata pa dirisha siku moya nikibishana na mulinzi, akasema, "Huyu, kama anaweza kusema vile, anaweza kuandika. Ingia."

Tableau, ubao ya kuandikia, hakukuwa, basi alikuwa anaandika na chaki pa mulango ya bureau, ofisi yetu. "Angalia, mutoto ya cheminot." Njo jina alinipatia. "Page haina mutoto. Page iko na picha ya mutoto, nakala ya habari yake. Unaita anwani yake, mahali habari yake inalala mu serveur, na serveur inakutumia ile picha. Unaibadilisha, unairudisha pa anwani ile ile, serveur inaiweka. Ukibadilisha na haukurudisha, umebadilisha nini?"

"Hakuna kintu, Prof."

"Umebadilisha kichwa yako."

Mafundisho yake mingine ilikuwa moya tu: bila jibu haujaandika. Hiyo aliniuwa nayo. Minyi sina uvumilivu, kila muntu anayua. Kila mara unapotuma, unangoja kidogo mupaka serveur inajibu kama imeweka. Minyi niliona ile kungoja ni ujinga. Nikabadilisha page yangu: kidole kikigusa tu, écran, kioo ya ordinateur, inasema IMEANDIKWA, kwa herufi kubwa, rangi ya majani. Nilikuwa najisikia sana. Prof akakuya, akaangalia. Akainama chini ya meza, akachomoa ule waya wenye unaenda ku serveur. Akaandika jina yangu, akagusa. Écran: IMEANDIKWA.

"Imeandikwa wapi?" anauliza. "Mu tumbo yako?"

Bantu balicheka. Nilitoka, nikafunga mulango mupaka chaki yote ikaanguka. Nilisema sitarudi. Kesho yake magaribi Prof huyu anafika kwetu na kinga yake inalia kweche kweche. Hakuniangalia hata. Akaikala na baba, bakacheza dame na bifuniko vya chupa, na alikuwa anaiba! Mwalimu ya hesabu, anasukuma bifuniko na kikono ya koti. Baba anapiga kelele, "Prof, hii ilikuwa hapa!" Yeye anasema, "Cheminot, weye unayua njia moya tu, mbele na nyuma." Pa kutoka akasimama karibu na minyi, akasema pole pole, "Mama akiingia pale na unamuambia imeandikwa, anaenda kulala na usingizi. Usimupatie usingizi ya bongo." Akapanda kinga. Kesho nilikuwa wa kwanza pa bureau.

Alikuwa na adabu na ile machine sawa na muntu. Habari ya mutoto ikifika pa écran, anasema, "Karibu, mwana." Serveur ikijibu kama imeweka, anapiga makofi kidogo ya mikono yenye imekunjwa, venye Baluba banapigiaka mukubwa, na anasema, "Wafwako," ile asante ya Kiluba. Bageni balikuwa banamucheka. Minyi pia nilichekaka, mwanzo. Mwisho nilikuwa nasema wafwako na minyi, na leo bado minasema, mu bureau ya bantu, bananiangalia sawa mwenda wazimu.

Sasa sikia vizuri, juu hapa njo kuna mambo.

Huyu muntu alikuwa anapiga banafunzi juu ya hesabu. Ukikosa kuzidisha anakugonga na chaki pa kichwa. Alikuwa anacheka bantu benye banaogopa bundi. Bafumu ya kuagua, dawa, ndoto, yote alisema ni kazi ya bavivu. Lakini kintu moya, moya tu, ilibakia mu damu yake: kwetu muntu hahesabu batoto ya mwenzake. Haunyoshe kidole na kusema huyu moya, huyu mbili, mbele ya mama yao. Yeye na hesabu yake yote, aliogopa hiyo.

Siku moya muntu ya comité ya mission, bwana munene mwenye kuvaa cravate, tai ya shingo, hata mu jua, akamuambia, "Prof, rahisisha. Kila mutoto umupatie numéro yake. Mambo imekwisha."

Prof akaweka kalamu chini. "Numéro ni ya wagon."

"Ni ya machine tu, Prof. Mama hataiona."

"Basoda, baaskari, balisimama pa gare ya treni, banahesabu bantu benye banaingia mu wagon. Pa kushuka banahesabu tena. Niliona na macho yangu, tata. Na minyi tena nibahesabie batoto? Hapana. Muntu ni jina."

 Mama moya alipiga kigelegele, na minyi nilipiga makofi mupaka mikono ikauma. Na weye ungepiga. Ilikuwa muzuri kusikia, mu ile wakati hata jirani alikuwa anakuita déplacé, ni kusema mukimbizi, muntu anasema batoto yenu beko na jina.

Basi kila anwani ya mutoto mu serveur Prof aliitengeneza na majina tatu: fasi ao mahali alipoteya, jina yake, jina ya mama yake. Usifikiri alifanya mbio mbio. Alifikiri siku mingi, chaki mukononi. Alisema batoto babili banaweza kuwa na jina moya, ndiyo, lakini batoke fasi moya, na mama yao pia ikuwe na jina moya? Haiwezekane. Na haikuwezekana, ku batoto bote benye tuliandika. Ila mapasa.

Kama weye hauko muntu ya huku nitakufungulia. Kwetu mapasa habachaguliwe jina. Wa kwanza kutoka ni Kyungu, wa pili ni Kabange, ikuwe kijana, ikuwe musichana. Na mama yao, siku anabazaa, jina yake ya zamani inalala. Kila muntu anamuita Mama ya Mapasa. Hata batoto yake, ukibauliza mama yenu anaitwa nani, banakujibu ile ile. Prof alizaliwa mu ile desturi, alikula bukari, ugali, ya sikukuu ya mapasa pengine mara mingi kupita weye. Njo kwa ile hakuiona. Kintu chenye kiko karibu sana na jicho, unaona nini?

Siku moya phonie ya Luena, mission ya pa njia ya treni, ilisema habari ya batoto mingi. Sauti ilikuwa inakufwa na kurudi, Prof anapiga kelele, "Rudilia! Rudilia!" anaandika huyu, anangoja jibu, wafwako, anaandika mwengine. Mu bale kulikuwa Kabange, musichana, alipoteya Kabalo, mama yake Mama ya Mapasa, iko na familia ya cheminot pale Luena. Serveur ikajibu imeweka.

Mu juma ile ile phonie ingine, kule ku ziwa, upande ya Sanga, ikasema: Kabange, kijana, alipoteya Kabalo, mama yake Mama ya Mapasa, iko na muvuvi. Prof akaandika. Page ikatuma pa anwani. Mama babili, mapasa mbali mbali, lakini anwani ilikuwa moya. Na serveur, venye balivyoitunga, haiulizake nani alikuwa pale mbele. Unaituma iweke, inaweka, wa zamani anatoka. Ikajibu imeweka. Prof akapiga makofi, wafwako.

Hakuna mwenye aliona. Tena tulifurahi! Baba ya ule kijana alifika, tukalomba serveur, akamupata, akaenda Sanga akamukamata. Alirudi na samaki ya moshi, kikapu muzima, bureau yote ikanuka, Prof akacheza, minyi nilimuona na macho yangu akicheza na koti yake.

Nyuma ya pale njo alifika mama ya ule Kabange musichana. Alitoka Kabalo na miguu, akapita njia ya mbali juu ya basoda, alikuwa na Kyungu wake, kijana mukondefu mwenye hakuacha nguo ya mama. Alianza kuuzisha karanga ya kupika pa gare. Kila asubui mbele ya kwenda pa gare anapita pa bureau, anaweka kikapu pa mulango.

"Prof, Kabange wangu alijibu?"

"Bado, mama. Kabange mwenye iko hapa ni kijana."

"Wangu ni musichana."

"Ninayua, mama."

"Basi nitarudi kesho." Anatupatia karanga, tukikatala anakasirika, "Midomo yenye inasemea mutoto yangu, iikale na njaa?" Mu masika yote ilikuwa vile. Prof akaanza kuongea na phonie zote, hata zenye hazikuwa na kazi na sisi, anauliza Kabange ya Kabalo, musichana. Luena ilikuwa kimya, radio yao ilikuwa imekufwa.

Mupaka siku bwana ya phonie ya Luena alishuka yeye mwenyewe mu treni, akatafuta kipande cha radio, akapita kutusalimia. Muntu ya mucheko. Akaikala, akakula karanga, akasema, "Prof, muko bantu ya ajabu! Nilibasemea Kabange yule musichana ya Kabalo, mukanijibu imeingia, tukangoja mama yake, tukangoja. Hata muntu moya hakufika. Ile familia ilipata ruhusa ya kwenda kusini, balienda naye. Balisema hawamuache peke yake tena."

Prof alisimama. Akaikala. Akalomba ile anwani, picha ikakuya: kijana, Sanga. Akaangalia ile majina tatu. Minyi niliona wakati uso yake iliyua. Hakusema machine mubaya, hakusema radio mubaya, hakuniangalia minyi, hakuangalia ule bwana.

"Mama yake iko pa gare," akasema. "Minyi nitaenda."

Nilimufwata. Weye mwenye unasema alijificha, hakujificha. Alisimama mu kati ya bauzishaji, bantu bakipita na mizigo, na akamuambia yote. Alimuambia na maneno ya kawaida: mutoto yako alikuwa Luena, nilikatala kumupatia numéro, nilimuandika na majina tu, halafu nikaandika mwengine pale pale, na wako akatoka, na sasa ameenda.

Ule mama alikuwa anapima karanga mu kikopo. Akamaliza kupima, akapatia muntu karanga yake. Halafu akauliza, "Prof, uliandika mutoto ya mwenzangu juu ya mutoto yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Juu haukutaka kubahesabu."

"Ndiyo, mama."

Akamukamata Kyungu pa bega, akamusukuma mbele. "Basi hesabu sasa. Weye ni mwalimu ya hesabu. Hesabu batoto yangu."

Prof alinyosha kidole ku Kyungu, akakirudisha mu koti. Pale bantu balianza kupiga kelele, moya akamukamata koti, minyi nikauma ule muntu pa mukono, eee, nilimuuma, na ningemuuma leo. Mama mwenyewe njo alisema, "Mumuache." Lakini hakumuangalia tena.

Ile siku Prof alirudi, akapatia kila mutoto numéro. Alifanya mupaka jua ikaisha mu panneau. Wafwako hakusema tena hata mara moya. Tukapata mapasa bengine benye balikuwa bameandikwa juu ya bengine, tukabatafuta na phonie, bamoya tulibapata. Hiyo hakuna muntu anaisemaka. Comité ilimutoa, ile bwana ya cravate akamuambia, "Nilikuambia," na Prof akamujibu, "Ndiyo, uliniambia." Minyi nilikataa kubakia. Balinilomba, nikabatukana, nikaenda. Leo ninawaza pengine ningebakia, ningechunga ile kazi juu yake. Lakini hasira haifikiri.

Congé ya kwanza, likizo ya masomo, alipanda treni mupaka Luena. Aliuliza nyumba kwa nyumba mu camp ya bacheminots. Jirani ya ile familia alimusemea kintu moya tu juu ya ule mutoto: muntu akiita Kyungu mu barabara, na unayua Kyungu ni mingi, ule musichana alikuwa anaacha muchezo, anakimbia kuangalia. Kila mara. Halafu anarudi. Prof alinisemea ile mara moya, na alisema na sauti ya kawaida, venye anasema bei ya muhogo. Halafu akalomba mayi ya kunywa.

Vita ilikwisha, bantu bakarudi kwao, mama na Kyungu wake bakarudi Kabalo. Minyi nilipata kazi ya kutengeneza ordinateurs ya bantu, nikaacha kumuona Prof. Nitasema nini, maisha. Nilikuwa naapa kila juma kama nitaenda kumusalimia.

Mwaka jana nilienda gare kungoja carton ya bipande vya ordinateurs. Treni ya kusini ilikuwa imefika, bantu banashuka na mizigo, banasukumana. Nikamuona. Koti ile ile, nywele nyeupe yote. Alikuwa amesimama pa mulango ya wagon, anaangalia basichana. Moya akashuka, Prof akamulomba musamaha, akamuuliza kintu, ule musichana akacheka, akapita. Mwengine akamutukana, akamuita muzee mubaya. Nilisikia moto mu kichwa, nikataka kumufwata ule musichana. Prof akanikamata mukono.

"Mutoto ya cheminot. Acha. Haayue."

"Prof, unafanya nini hapa? Unabauliza nini?"

"Kama iko pacha. Ni ile tu."

"Toka wakati gani?"

Musichana mwengine alishuka, Prof akamufwata na macho. Nikamuambia twende, kwangu kuko bukari na sombe, bibi yake pengine anamutafuta, jua kali, bantu banamucheka. Nilisema mingi, unaniyua. Aliniacha niseme yote, macho yake ku mulango.

"Sasa amekuwa mukubwa," akasema. "Na ile familia ilimupenda. Pengine kule balimupatia jina ingine. Kama anashuka hapa na jina ingine, minyi nitamuyua na nini?"

Nilisimama pale na kinywa yangu yote. Sema basi, weye mwenye unayua mambo: ungemujibu nini?